Kabla ya Mashine, Tuitazame Ofisi

Imekuwa desturi katika vyuo vingi kwamba mada ya kompyuta ikifika, mkufunzi huanza na sehemu za mashine: hii ni kibodi, hiki ni kioo, hapa ndipo umeme uingiapo. Mwanachuo huyanakili majina hayo, huyakariri, naye akishaajiriwa huenda kuwakaririsha watoto. Maoni yangu ni kwamba tunaanzia mahali pasipofaa. Ushahidi umo katika kazi ya wataalamu waliotumia miaka yao ya usomi kuzichunguza mashine hizo ndani ya ofisi za serikali.

Mmojawapo ni Kenneth Kraemer wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, nchini Marekani. Katika miaka ya 1970 yeye na wenzake waliendesha uchunguzi mkubwa juu ya kompyuta katika serikali za mitaa za nchi hiyo. Walipeleka hojaji kwa mamia ya serikali hizo, kisha wakaichunguza kwa kina miji 42. Hawakutosheka na maneno ya wakuu wa idara, wala ya wauzaji wa mashine. Waliwaendea pia watumiaji wenyewe, wakiwamo wapelelezi wa polisi, makarani wa faini za magari na wasimamizi wa bajeti, ili wajue mashine imewabadilishia nini katika kazi zao.

Mwaka 1982 kilitoka kitabu Computers and Politics, kilichoandikwa na James Danziger, William Dutton, Rob Kling na Kraemer. Wapo waliokuwa wakitazamia kwamba kompyuta ingewapa madaraka wataalamu wake, au ingeyasambaza kwa wananchi. Waandishi hao waliona vingine: aghalabu mashine ilimwongezea nguvu yule aliyekuwa nazo tangu awali. Mwaka 2006 Kraemer na mwenzake John King waliirudia hoja hiyo juu ya serikali mtandao, wakashikilia kwamba kompyuta peke yake haikupata kuwa chombo cha kurekebisha utawala. Hesabu miaka, ndugu mwanachuo: takriban thelathini juu ya swali moja. Subira hiyo naiona kuwa sehemu ya somo lenyewe.

Sisi nasi tunayo historia yetu. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya matumizi yake katika hesabu za Hazina kuleta hasara na vurugu. Wapo wanaolicheka agizo hilo. Mimi silicheki, kwa kuwa wataalamu wa kuiendesha mashine ile walikuwa haba, na mashine haifundishi karani kazi yake.

Sasa, haya yanamhusu nini mwalimu wa shule ya msingi? Yanamhusu sana, maana yeye ndiye chemchemi ya takwimu. Mtoto aliyeacha shule tangu Machi, lakini jina lake likaendelea kutiwa alama ya kuhudhuria, atajumlishwa na mashine kwa haraka na usafi mkubwa. Vitabu vitagawiwa kwa hesabu yake, na hakuna atakayetumwa kumtafuta. Daftari la zamani angalau lilikuwa na ukurasa uliofutwafutwa, ambao mkaguzi makini aliushuku.

Kwa hiyo napendekeza tulibadili andalio la somo. Wanafunzi wa darasa la sita wachague karatasi moja, waifuate safari yake. Nani anaiandika? Nani anaipokea? Nani anaisoma, na ni uamuzi gani hufanywa kutokana nayo? Wakirudi darasani, waulizwe ni hatua ipi ambayo kompyuta ingeirahisisha, na ipi ambayo isingeigusa kamwe. Kibodi ije baada ya hapo. Itajifunzwa kwa siku chache.

Najua nitajibiwa kwamba ratiba imejaa, na kwamba mtihani huuliza majina ya sehemu, hauulizi safari ya karatasi. Pingamizi la kwanza ni dhaifu, kwani vipindi viwili vyatosha. La pili ni zito, na linawahusu watunzi wa mitihani kuliko mwanachuo. Tena yawezekana ofisi ya kijiji isipende kuulizwa maswali na watoto. Ikiwa hivyo, aanze na daftari la mahudhurio la darasa lake mwenyewe, alifungue mbele ya wanafunzi, nao wahesabu waliopo.