Ndege anaijenga baba, lakini nyumba njo inailipa

Kila mwaka, mwisho wa mwezi wa saba, maelfu ya ndege ndogo zinashuka ku mji wa Oshkosh, jimbo la Wisconsin, kule Marekani. Kati yao kuko mamia zisizotoka ku kiwanda. Zilitoka ku garaji ya nyumba: mtu wa kawaida alinunua mabati na riveti, akakata, akafunga, akapaka rangi, kiisha akapanda ndani na kuruka. Chama chao, EAA, kilianzishwa na Paul Poberezny na wenzake ku mji wa Milwaukee, mwaka 1953. Leo vijana wetu wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wanaangalia video za hao watu ku telefone, usiku kisha kazi, na wanasema: «Na siye tunaweza!»

Mimi siwacheki. Watu wa mgodi ni watu wa kazi ya mikono. Sudere, fundi wa umeme, mekanisye wa malori makubwa, wote wanajua kusoma mchoro na kuheshimu vipimo. Tena moteri ya ndege haiko mgeni kwetu. Nyaya zake ni shaba, na ku moteri mingi valvu ya kutoshea moshi imepakwa chuma kigumu chenye kobalti ndani, juu kobalti inavumilia moto. Sehemu ya ile ndege pengine ilitoka ku udongo wetu.

Lakini kuko kitu video haionyeshi. Inaonyesha siku ya kuruka, watu wanapiga mikono, mzee analia kwa furaha. Haionyeshi yenga zote zilizopita mbele ya ile siku. Maoni yangu ni haya: bei ya kweli ya ndege ya nyumbani haiko ku moteri wala ku mabati. Iko ku meza ya nyumba, na wenye kuilipa ni bibi na watoto. Kwa hiyo mtu asianze bila kuwauliza.

Tufanye hesabu pamoja. Ndege ya viti viwili, ile wanauza kwa vipande, inaomba masaa 1.500 mpaka 2.000 ya kazi, na wengine wanapita hapo sana. Mtu wa kazi anaweza kutoa masaa ngapi? Tuseme 10 kwa juma: masaa mawili mawili kwa jioni tatu, na masaa mane siku ya posho. Masaa 2.000 ukiyagawanya kwa 10, ni juma 200, karibu miaka 4. Na hapo hatujahesabu juma ya malaria, juma ya kilio, wala ndoa ya mdogo wako. Kwa mtu mwenye kubadilisha posti, leo asubuhi, kesho usiku, weka miaka 8. Mtoto aliyeanza masomo ya kwanza siku ulifungua kasha la kwanza, atakuwa sekondari siku ndege inatoka ku garaji.

Na usifikiri tajiri anaepuka. Sheria ya Marekani inasema zaidi ya nusu ya kazi inapashwa kufanywa na watu wenye kujenga kwa kujifunza ao kwa kujifurahisha. Huwezi kulipa fundi akufanyie yote, kiisha useme ndege ni ya kujijengea. Masaa yanatoka ku maisha yako mwenyewe, na maisha yako haiko yako peke yako.

Feza nayo ina ujanja wake. Vipande vinauzwa kidogo kidogo: mkia kwanza, kiisha mabawa, kiisha mwili, ku mwisho moteri, panga na vyombo vya rubani. Bei ya mkia haiogopeshi, na hapo njo watu wanaingia. Lakini moteri mpya peke yake ni makumi ya elfu ya dola, na inakuja wakati umekwisha kutumia miaka. Kurudi nyuma kunauma, kuendelea kunauma. Mtu anakopa. Minervali ya watoto inangoja.

Hata avansi haina usalama. Mwezi wa 12, mwaka 2023, Van's Aircraft ya Oregon, kampuni yenye jina kubwa sana ku kazi ya ndege za vipande, iliomba ulinzi wa korti juu ya madeni. Wateja waliokuwa wametoa avansi wakaambiwa wakubali bei ya juu kama wanataka vipande vyao. Kampuni haikufa, inaendelea na kazi. Lakini fikiri ile jioni, mtu anarudi kumweleza bibi yake kwamba feza walizokubaliana hazitoshi tena. Kwetu aliyelipa avansi ya matofali ao ya parseli anajua vizuri hii hadisi.

Basi ndege imemalizika. Mama anafikiri sasa zamu yake ya kupanda imefika. Apana! Kwa kawaida ya kule, ndege mpya ya kujijengea inapashwa kwanza kuruka masaa 25 ao 40 ya majaribio, kufuatana na moteri na panga yake, mbali na makao ya watu, bila abiria. Sheria ni nzuri, inalinda watu. Lakini inatuonyesha kitu: aliyevumilia miaka yote anabaki chini, anaangalia juu, anaomba Mungu.

Ana haki ya kuogopa. Mwaka 1934 Mfaransa Henri Mignet alitoa kitabu cha kufundisha watu wajijengee ndege yake ndogo ya mbao na kitambaa. Aliiita «Pou du Ciel», ni kusema chawa wa mbinguni. Watu wengi wa Ufaransa na Uingereza waliijenga. Kiisha vifo vikaanza. Wakubwa wakaipima ndani ya jengo la kupimia upepo, wakaona kwamba ikiinamisha kichwa sana, bawa la mbele na bawa la nyuma yanasumbuana, na rubani hawezi tena kuiinua. Aliyepiga misumari vizuri na aliyepiga vibaya walikuwa ku hatari moja, juu kosa lilikuwa ku mchoro. Mignet mwenyewe alirekebisha kazi yake baadaye. Wajane hawakurudishiwa kitu.

Tena kosa la mjenzi linaweza kumngoja mtu mwingine. Mwimbaji wa Marekani John Denver alikufa tarehe 12 mwezi wa 10, 1997, ndani ya ndege ya kujijengea ambayo aliinunua, hakuijenga yeye. Mjenzi alikuwa ameweka mkono wa kubadilisha tanki ya mafuta nyuma ya bega la kushoto la rubani. Wachunguzi walisema Denver aliondoka bila kuongeza mafuta, na wakati wa kugeuka atafute ule mkono, mguu wake ulisukuma ndege upande. Maamuzi ya saa moja ku garaji, na miaka kisha, mtu hayuko.

Hapa njo ninafika ku klabu. Ba mama wengi wangesema klabu ni adui wa pili: kisha garaji kunakuja hangari, kisha hangari kunakuja kunywa na wenzake. Ni kweli klabu inakula yenga. Ku ma klabu ya Ufaransa ndege ni ya chama, wanachama wanatoa mchango wa mwaka, kiisha kila mtu analipa saa yake ya kuruka. Na kuko kazi ya bure: kuosha ndege, kukata majani, kupaka hangari rangi, kupika siku ya wageni. Lakini mimi naona klabu ndiyo dawa, kama inatumiwa vizuri. Kwanza inagawanya mzigo. Ni kama likelemba: mtu peke yake haiwezi, watu 20 wanaweza. Pili inaleta macho. EAA iko na wanachama wenye ujuzi wanaopita bila malipo kuangalia kazi yako mbele ujafunga bati. Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Chawa wa mbinguni naye ni vilevile.

Na kuko mfano wa nyumba iliyoingia pamoja. Ku mji wa Beaune, Ufaransa, Édouard Joly na mukwe wake Jean Délémontez, aliyeoa binti yake, walijenga ndege ya mbao ya kiti kimoja. Iliruka mwaka 1948. Jina lake, Jodel, ni vipande vya majina yao mawili. Ndege ya viti viwili iliyotoka kwake ikajaa ku ma klabu ya Ufaransa. Hata leo, ku ndege za bati, riveti ya kupigwa inaomba watu wawili: mmoja anapiga, mwingine anashikilia chuma upande wa nyuma. Ku nyumba nyingi anayeshikilia ni bibi ao mtoto. Wale hawaulizi tena baba iko wapi. Wanajua, juu wako naye.

Mimi ningeomba makubaliano matatu mbele ya kununua hata riveti moja, yaandikwe ku karatasi na bwana na bibi watie sahihi. Kiasi cha feza kwa mwezi, na minervali, kodi na dawa zinatoka mbele. Siku moja kwa juma ambayo garaji inafungwa, hata kama kazi imebakia kidogo. Na tarehe ya kuamua: tukifika hapo bila kumaliza, tunauza vipande ao tunaingia klabu kuruka ndege ya chama, na hakuna mtu wa kumcheka mwenzake. Asiransi ya maisha nayo iulizwe mapema, juu zingine hazilipi kifo cha ndege ya kujijengea.

Kwetu ndoto inaweza kuwa lori, nyumba ya orofa ku parseli, ao ndege kweli siku moja. Makubaliano ni yale yale.

Basi wewe kijana mwenye kuangalia video usiku huu, geuza telefone, umuonyeshe bibi yako. Mueleze masaa, mueleze feza, mueleze hatari, usifiche kitu. Akikubali, muulize kama atashika chuma upande wa nyuma. Akikataa, umepata jibu mbele ya kununua mkia.