Infraredi si ya kukariri

Leo naongelea infraredi. Wengi tunakesha na desa, tunakariri namba, mtihani ukiisha zimeyeyuka. Mimi nasema somo la kampaundi changamano za metali lianzie kwenye jiko la mkaa.

Kaboni monoksaidi ikiwa peke yake hufyonza infraredi kwenye 2143 kwa sentimita. Ikishika chuma cha hemoglobini kwenye damu, namba inashuka hadi karibu 1951. Kisa? Chuma kinaisukumia elektroni, kifungo cha kaboni na oksijeni kinalegea, mtetemo unapungua kasi. Yaani grafu inakwambia wazi: kiti cha oksijeni kimekaliwa. Na gesi hii hung'ang'ania chuma zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Sasa fikiria geto la Mapinga usiku wa mvua. Mtu kaingiza jiko ndani, kafunga madirisha, kalala. Gesi yenyewe haina rangi wala harufu. Mwalimu akianzia hapo, nani atasahau 1951? Mtihani tutafaulu, na pengine kuna mtu ataamka salama asubuhi.

Jiko libaki nje jamani. Nawasilisha.