Uchumi wa Nyumbani: Bata na Mahindi Yenye Kuvu

Juma hili tunaitazama biashara ya bata wachache, kazi ambayo mama wa nyumba huweza kuifanya pasipo kuziacha shughuli zake nyingine. Mfano wetu tunautoa bara, Kitale na Bungoma, nchi ya mahindi iliyo chini ya Mlima Elgon, kwani huko faida na hasara ya kazi hii hutoka katika ghala moja.

Bata wa kienyeji, yule mwenye ngozi nyekundu usoni, hahitaji bwawa. Humtosha beseni la maji analoweza kuzamisha kichwa chote. Dume mmoja huwatosha majike wanne au watano. Jike huatamia mwenyewe mayai kumi na mawili hadi kumi na matano, nayo huanguliwa baada ya siku 35. Akitunzwa vyema huweza kuatamia mara mbili au zaidi kwa mwaka. Tuseme majike wanne waangue vifaranga kumi kila mmoja, mara mbili: jumla ni 80. Hata robo yao wakifa, wamebaki 60 wa kupelekwa soko la Chwele au kuuziwa majirani, na wazazi wangali bandani. Vifaranga wawekwe pakavu penye joto majuma ya mwanzo, hasa Kitale ambako usiku una baridi, wakilowa hufa.

Faida, basi, imo katika chakula. Bata hujiokotea konokono, wadudu na majani, lakini hanenepi bila ya nafaka na pumba. Hapa ndipo penye hatari. Kitale huvuna zaidi kati ya Oktoba na Disemba, na mvua ikikawia kukatika, mahindi huingia ghalani yakiwa na unyevu, yakaota kuvu. Yale yaliyokataliwa jikoni husemwa, "Wapewe bata." Ilhali kuvu huacha sumukuvu, na katika ndege wafugwao, kifaranga cha bata ni miongoni mwa wanaodhurika nayo upesi zaidi. Mwaka 1960, katika Bonde la Ufa hapa Kenya, vifaranga wa bata 16,000 walikufa kwa kulishwa chakula cha karanga chenye sumu hiyo. Mwaka 2004 watu 125 walifariki, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi ya namna hiyo hiyo. Basi kile kinachomuua bata hakimwachi mwenye bata.

Kipimo chake ni chepesi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo na kiganja cha mahindi, funga, utikise kwa dakika chache, kisha uiache itulie. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi hayajakauka. Yarudishwe juani juu ya turubai, wala yasianikwe juu ya udongo mtupu. Yakisha kukauka, chambua punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zilizotobolewa na wadudu, kisha zifukiwe. Magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Pumba nayo inunuliwe kidogo kidogo, na yenye harufu ya uvundo irudishwe kwa muuzaji.

Limebaki jambo moja lililo zito kuliko hesabu. Bata wakianza kuzubaa, kukataa chakula na kufa mmoja baada ya mwingine, mfugaji mwenye deni hushawishika kuwachinja waliosalia na kuwauza kabla hawajafa. Kisu hakiondoi sumu, wala chungu hakiiondoi, kwani moto wa jikoni hauiangamizi. Kuficha aibu ya bidhaa ni ghushi, na anayelishwa nyama ile ni mtoto wa mwenzio. Wajibu ni kuwabadilishia chakula siku ile ile, kumwita daktari wa mifugo, na kuwafukia waliokufa.

Kwa hiyo tunawanasihi akina mama waanze na dume mmoja na majike wanne, na waweke daftari lenye safu tatu: chakula, vifo na mauzo. Gunia la mahindi mabovu lihesabiwe kuwa hasara tangu siku lilipoharibika. Atakayelitupa amepoteza gunia; atakayelilisha huenda akapoteza banda zima.