Elimu ya Juu si Zawadi ya Mkubwa

Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa masoko makubwa ya Afrika Mashariki. Hata hivyo mfugaji huuza mnyama akiwa hai, na faida ya nyama, ngozi na ajira huvunwa na wengine mbali naye.

Hali hiyo haikuandikwa na Mwenyezi Mungu. Ilipangwa na wanadamu. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye ardhi yenye rutuba na mvua. Nchi kavu ikaambiwa ingoje. Ikangoja hadi mwaka 2011, miaka 48 baada ya Uhuru, ndipo Garissa ikapata chuo kikuu kishiriki cha umma.

Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa Al-Shabaab waliua watu 148 humo, wengi wao wanafunzi. Chuo kikafungwa. Chuo kinapofungwa, mwenye nyumba hukosa wapangaji na mama muuza chakula hukosa wateja. Kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikawa chuo kikuu kamili. Hilo lilikuwa jibu la kijasiri kwa wauaji.

Lakini kodi ya nyumba ni faida ndogo. Faida kubwa ni daktari wa mifugo, mhandisi na mhasibu waliosomea karibu na matatizo wanayopaswa kuyatatua. Hao hawazaliwi na hofu. Mwaka 1982 wahadhiri, miongoni mwao Willy Mutunga aliyekuja kuwa Jaji Mkuu, waliwekwa kizuizini bila kesi kusikilizwa. Na hadi mwaka 2003 Rais ndiye aliyekuwa Mkuu wa kila chuo kikuu cha umma. Msomi aliyefungwa mdomo hawezi kuijenga nchi.

Leo Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa wasomi. Uhuru huo, hata hivyo, hauli karatasi. Vyuo vya umma vimelemewa na madeni, na wahadhiri wamelazimika kugoma mara kwa mara. Vyuo vikuu ni jukumu la Serikali ya Kitaifa, kwa hiyo Bunge ndilo tunalolidai: fedha zilizoahidiwa zitolewe, na mabaraza ya vyuo yateuliwe kwa sifa, si kwa ukoo. Nazo kaunti zisijifiche nyuma ya Katiba. Hakuna sheria inayozizuia kuwauliza watafiti wa vyuo jirani namna ya kuongeza thamani ya mifugo na mazao yao.

Ndugu zetu makanisani, mwanasiasa ajapo na bahasha ya mchango, muulizeni kwanza alipigaje kura bajeti ya elimu ilipojadiliwa. Mtumishi aliyefukia talanta ardhini hakusifiwa na bwana wake. Taifa linalofukia akili za vijana wake litasifiwa na nani?