Bei ya Petroli Haipangwi Pampuni

Tarehe 14 ya kila mwezi Kenya hutangaziwa bei mpya ya mafuta, na bei ikipanda ujumbe ule ule huanza kuzunguka kwenye simu: siku fulani tusinunue petroli, sote, nchi nzima, na watatusikia. Huandikwa kwa uchungu wa kweli. Lita ilipofika shilingi 217.36 jijini Nairobi mnamo Oktoba 2023, nauli zilikuwa juu, unga ulikuwa juu, na mwanabodaboda aliyezoea kuweka mafuta ya mia mbili alikuwa hafikishi hata lita moja. Uchungu huo ni haki yake. Ninachokipinga ni kuupeleka pampuni, ambako unamalizikia kwa mtu asiyepanga bei, huku waliopanga wakiendelea na kazi zao. Madai yanayoambatana na wito huo yanastahili kujibiwa moja moja.

“Siku moja tu ya kutonunua itawatia hasara.”

Asiyenunua Jumatano atakuwa amejaza Jumanne, au atajaza Alhamisi. Gari limetembea safari zile zile, mafuta yameungua yale yale, na kituo kikifunga hesabu za wiki hakioni pengo. Petroli haiozi kama nyanya za sokoni. Ikikosa mnunuzi leo, inalala ndani ya tangi chini ya ardhi ikimngoja kesho.

Marekani wamelijaribu hilo zaidi ya mara moja. Tarehe 30 Aprili 1999 watu waliombwa kwa barua pepe wapite vituo vya mafuta bila kusimama. Mei 2007 wito ukarudi, safari hii kwa tarehe 15, ukiwa umebebeshwa ushahidi wa uongo: kwamba Aprili 1997 mgomo kama huo uliishusha bei kwa senti 30 usiku mmoja. Mgomo huo wa 1997 haukuwapo. Tarehe 15 Mei ilifika ikapita, na galoni ikabaki juu ya dola 3. Ujumbe unaozunguka kwetu una sura ya ule wa kule, pamoja na hesabu ya mabilioni ambayo kampuni zitapoteza. Kitu kimoja hauiambii jamii: kuchelewesha ununuzi si kupunguza matumizi.

Kwa Kenya kuna sababu ya pili, nayo ndiyo nzito zaidi. Bei hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, kwa kanuni iliyoandikwa, na ikishatangazwa hudumu tangu tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Ndani ya kanuni hiyo mna gharama ya shehena zilizokwisha kushushwa Mombasa, kiwango cha kubadilishia dola, gharama ya kuyasukuma mafuta kwenye bomba na kuyahifadhi kwenye bohari, faida ya wauzaji, kisha kodi na tozo. Hamna mahali panapoulizwa ni lita ngapi zilinunuliwa Jumatano. Hata kama nchi nzima ingetembea kwa miguu siku hiyo, karatasi ya hesabu ingesomeka vile vile.

“Basi tususie kampuni moja kubwa, ishushe bei, na nyingine zifuate.”

Hili linasikika kuwa la werevu kuliko la kwanza, na ndiyo maana linadumu. Lakini tufuate mafuta yenyewe. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mwaka 2013, kwa hivyo kila tone la petroli huingia likiwa limesafishwa tayari. Tangu Aprili 2023 huletwa chini ya mkataba wa serikali na kampuni tatu za Ghuba, yaani Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, na kampuni za hapa hugawana shehena zile zile. Hushushwa Kipevu, huingizwa kwenye matangi ya Kampuni ya Bomba, na husafiri bara yakiwa yamechanganyika. Ukikipita kituo chenye nembo nyekundu ukaenda chenye nembo ya kijani, umeibadilisha rangi ya sare ya anayekuhudumia. Mafuta ni ya meli moja.

Tena kampuni iliyosusiwa haihitaji kukaa na mzigo wake. Inaweza kuuza kwa jumla kwa wale waliopata foleni ndefu, maana hao sasa wamepungukiwa. Anayebaki na kituo kitupu ni mwendeshaji aliyekodi mahali, na vijana wake wa zamu wanaosimama juani kwa mshahara mdogo. Hata nembo huenda isiwe ya mtu unayemdhania: vituo vya Shell nchini huendeshwa na Vivo Energy, ambayo mwenyewe ni Vitol, na vilivyokuwa vya KenolKobil vilinunuliwa na Rubis ya Ufaransa mwaka 2019.

“Wenye vituo ndio wanaotunyonya.”

Kwa miaka kadhaa, faida iliyoruhusiwa kwa wauza jumla na rejareja pamoja ilikuwa shilingi 12.39 kwa lita, na serikali ilipotoa ruzuku ya mafuta ilipunguzwa hata chini ya hapo. Yupo anayechezea pampu, na yupo anayechanganya mafuta. Hao ni wa kuripotiwa na kufungiwa. Ila hata wauzaji wote wangeuza bure, lita ya 217 ingebaki juu ya 200.

“Morocco walisusia, wakashinda.”

Huu ndio mfano bora wanaoweza kuutoa wanaoitetea hoja ya kususia, na nauheshimu. Aprili 2018 Wamorocco walianza kususia bidhaa tatu kwa mpigo: maji ya Sidi Ali, maziwa ya Centrale Danone, na vituo vya mafuta vya Afriquia, mali ya kundi la Aziz Akhannouch, tajiri aliyekuwa waziri wakati huo. Haukuwa mgomo wa siku moja. Uliendelea miezi, na familia za kawaida ziliushika kwa nidhamu ambayo vyama vya siasa vingeionea wivu.

Kwenye maziwa ulifaulu. Kampuni ilipata hasara, na Emmanuel Faber, mkuu wa Danone duniani, akasafiri mwenyewe kwenda Morocco kuwasikiliza wateja. Septemba mwaka ule wakatangaza kuuza maziwa freshi bila faida. Ushindi huo ulikuwa na gharama ambayo wanaousimulia huiacha nje: katikati ya mgomo kampuni ilipunguza kwa asilimia 30 maziwa iliyonunua kwa wafugaji, na wafanyakazi wa muda wakakatiwa mikataba.

Sasa tutazame upande wa mafuta. Morocco iliachia bei za petroli na dizeli mwishoni mwa 2015, kwa hivyo kule kampuni ndizo zinazopanga, na mgomo ulikuwa na nafasi kubwa kuliko utakavyowahi kuwa nayo Kenya. Hata hivyo mwenye gari aliyeipita Afriquia alijaza kituo cha mbele, kwa bei inayokaribiana. Maziwa yasiponunuliwa huharibika upesi, na mama anaweza kuchukua ya kampuni nyingine au ya mfugaji jirani. Mafuta hayaharibiki upesi hivyo, na lori haliendi kwa maji. Akhannouch mwenyewe akawa waziri mkuu mwaka 2021.

Kilichokuja kuzigusa kampuni za mafuta kilitoka kwingine. Novemba 2023, baada ya uchunguzi, Baraza la Ushindani la Morocco lilikubaliana na kampuni tisa zilipe dirham bilioni 1.84 na zibadilishe mwenendo wao sokoni. Mgomo ulilifanya suala hilo kuwa la taifa, na sitaki kuupunguzia sifa hiyo. Lakini wachunguzi wenye mamlaka ya kudai nyaraka ndio waliozifikisha mezani.

“Wakati wa korona watu waliacha kuendesha magari, na bei ikashuka. Hiyo si ithibati?”

Ni ithibati kweli, na inafaa tukae nayo, kwa sababu inaonyesha mgomo ungepaswa kuwa mkubwa kiasi gani.

Dunia hutumia mapipa yapatayo milioni 100 ya mafuta kwa siku. Aprili 2020 serikali zilipofunga miji, viwanja vya ndege na shule, matumizi yalipungua kwa mapipa zaidi ya milioni 20, takribani pipa moja katika kila matano. Tarehe 20 mwezi huo mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani ulifunga siku kwa dola 37.63 chini ya sufuri: aliyekuwa nao alikuwa tayari kumlipa mtu amwondolee mzigo, kwa kuwa matangi yalikuwa yanakaribia kujaa. Nairobi, petroli ilishuka hadi shilingi 83.33 kwa lita kwa mwezi ulioanzia katikati ya Mei.

Nani aliinunua kwa bei hiyo? Mabasi ya masafa marefu yalikuwa yamezuiwa kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa. Matatu zilibeba abiria pungufu. Hoteli za Pwani zilifungwa na madereva wa watalii wakakaa nyumbani bila kipato. Petroli ilikuwa rahisi kwa sababu watu hawakuwa na kazi ya kwenda. Anayetaka bei ishuke kwa njia hiyo anaomba maisha yale yarudi.

Wenye visima nao hawakukaa wakitazama. OPEC na washirika wake, Urusi ikiwemo, walikubaliana kupunguza uzalishaji kwa mapipa milioni 9.7 kwa siku kuanzia Mei. Bei ya dunia ikaanza kupanda, na katikati ya Julai lita ya Nairobi ilikuwa imeshapita shilingi 100. Muungano wenye uwezo wa kufunga mabomba kiasi hicho utaushindaje kwa kususia, ikiwa Kenya nzima hutumia takribani pipa moja tu katika kila elfu linalotumika duniani? Tungeacha kabisa kuendesha, sote, mwaka mzima, na soko la dunia lisihisi.

“Mwaka 2018 tulisusia, na VAT ikakatwa nusu.”

Kumbukumbu imechanganya mambo hapa. Septemba 2018 VAT ya asilimia 16 ilipoanza kutozwa kwenye mafuta, waliosusia walikuwa wasambazaji huru, waliokataa kuchukua mafuta kwenye bohari. Vituo vikakauka, foleni zikazunguka mitaa. Wabunge walikuwa wamekwisha kupitisha kodi hiyo iahirishwe miaka miwili. Rais Uhuru Kenyatta akaukataa mswada na kupendekeza asilimia 8, na kikao maalumu cha Bunge kikalipitisha pendekezo hilo katikati ya kelele na mabishano ya kura. Bei ikashuka. Ilishuka kwa kuwa sheria ya kodi ilibadilishwa, na waliobanwa walikuwa watu wanaopigiwa kura. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipoirudisha asilimia 16, watumiaji walikuwa wale wale na magari yale yale. Iliyobadilika ni hesabu ya kura Bungeni.

“Asiyesusia amekubali kunyonywa.”

Hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu linamfanya mtu aamini kwamba uchaguzi wake ni kati ya kususia na kunyamaza. Mama anayepikia mafuta ya taa Kisauni hana cha kususia. Tangu 2018 kila lita ya mafuta hayo hubeba tozo ya shilingi 18, iliyowekwa ili wafanyabiashara wasiyachanganye na dizeli. Anayechanganya ni mwingine, anayelipa ni yeye.

Oktoba 2024 petroli ilikuwa shilingi 180.66 Nairobi. Kiasi cha shilingi 80 kati ya hizo kilikuwa kodi na tozo: ushuru wa bidhaa shilingi 21.95, tozo ya barabara 25, tozo ya maendeleo ya petroli 5.40, VAT, na nyingine ndogo ndogo. Kushuka kutoka 217 hadi 180 kulisababishwa na nini? Sehemu kubwa ni shilingi ya Kenya. Januari 2024 dola moja ilikuwa zaidi ya shilingi 160. Baada ya serikali kukopa upya Februari kulipa deni la kimataifa lililokuwa likiiva Juni, ikateremka hadi karibu 130. Hata Aprili, mafuta ghafi yalipopanda kuelekea dola 90 kwa pipa, bei ya pampuni iliendelea kushuka. Masharti ya mkataba wa Ghuba nayo yana ziada inayolipwa kwa kila tani, na ziada hiyo ilipunguzwa mazungumzo yaliporudiwa. Hayo yote ni maamuzi ya watu wenye ofisi na majina, yenye nyaraka zinazoweza kudaiwa na kuhojiwa.

Mfano ninaoukumbuka kila mwezi ni wa katikati ya 2024. Mwishoni mwa Juni vijana waliulazimisha Mswada wa Fedha uondolewe, na baadhi yao walipoteza maisha kwa ajili hiyo. Wiki chache baadaye, kwa tangazo la gazeti rasmi wala si kwa mswada, tozo ya barabara ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Maoni ya umma yaliitishwa siku chache, wakati nchi bado inazika. Bei ya pampuni haikupanda mwezi ule, kwa kuwa shilingi imara ilikuwa imeteremsha gharama ya kuagiza. Punguzo lililopaswa kumfikia mnunuzi lilimezwa na tozo kabla hajaliona. Kwa kuwa hakuona bei ikipanda, hakuna aliyemtumia ujumbe wa kumwita kususia. Shilingi hizo 7 baadaye ziliwekwa dhamana ya fedha za kuwalipa makandarasi wa barabara waliokuwa wakidai, shilingi bilioni 175, na zitakatwa kwenye kila lita kwa miaka mpaka deni hilo lilipwe.