Kiti cha Nje

Nilikaa London tangu Oktoba hata Machi, nikijifunza kazi ya afisi. Kule mwezi wa Desemba jua hutua kabla ya saa kumi jioni, nami nikazoea kufunga mlango mapema kuizuia baridi. Niliporudi kwangu Nyeri nikaendelea vivyo hivyo. Majirani waliokuja kuniamkia waliukuta mlango umefungwa, wakarudi makwao. Ikasemwa kwamba Uzungu umeniingia. Mke wangu hakunigombeza. Kila alasiri alitoa kiti changu nje, akakiweka karibu na njia. Siku ya kwanza nilikirudisha ndani. Juzi nilikikalia hata giza likaingia. Nikasalimiwa na watu 14, na mmoja wao akanidai shilingi 20 alizonikopesha kabla sijasafiri.