Land Rover ya zamani: rangi ingoje, breki kwanza
Anayefufua Land Rover Series nyumbani mara nyingi huanza na kile macho yanachokiona: kukwangua kutu na kupaka ekseli ya nyuma rangi nyeusi. Pesa ikiwa kidogo, hapo ndipo inapopotea bure.

Hatari yenyewe imejificha. Sili ya gurudumu, kile kipira kinachozuia mafuta, ikichoka, mafuta ya difu huingia ndani ya ngoma na kulowesha viatu vya breki. Kwenye miteremko ya Bukavu, kila dereva anajua maana yake. Wengine huviosha kwa petroli na kuvirudisha, ilhali mafuta yamekwisha kuzama ndani. Vinunuliwe vipya, pande zote mbili.

Kabla ya kulaumu sili, kitazamwe kipumulio kilicho juu ya ekseli. Kikizibwa na matope, ekseli ikipata moto husukuma mafuta nje, na sili mpya nayo itavuja.

Kazi hii haihitaji garaji. Nusu-shafti hutoka kwa kufungua bolti sita. Spana kubwa ya nati ya ndani huazimwa. Ila gari likae juu ya magogo imara, si jeki peke yake. Na difu isiyopiga kelele iachwe ilivyo.